Neno la Karani na Koti la Marehemu Swalehe

Marambo, Nachingwea,
Jimbo la Kusini.
Alhamisi, 6 Agosti 1953

Bwana Mhariri,

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea wino usiokauka na wasomaji wasiofungia sukari gazeti kabla ya kulisoma, naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni Halfani bin Saadi Kaimu, mkulima wa ufuta na muhogo hapa Marambo. Nina pia mikorosho thelathini na miwili, na mitatu kati yake bado haijaamua kama ni miti au ni kuni. Sijapata kuandika gazetini. Maisha yangu yote nimeandika barua mbili tu, ya kwanza kuomba kazi ya kung'oa visiki kwa Wazungu wa karanga, ya pili kuomba niachwe niende zangu. Zote mbili zilikubaliwa, kwa hiyo nina imani na barua.

Shida yangu ni neno moja la Kiingereza. Linaandikwa withdraw. Nimelinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi ya baraza, hivyo kama limekosewa, kosa ni la Bwana Eusebio na si langu. Bwana Eusebio ni karani mpya wa baraza la upande wa Chunyu, kijana msafi anayepiga pasi hata soksi, na kwao ni Moshi. Sina ugomvi naye. Ila ameniamuru niyafanyie neno hilo maneno niliyoyasema msibani, nami kwa heshima zote nakataa. Naomba wasomaji waamue kama nina wazimu.

Nianze mwanzo, maana msomaji aliyeko Tabora hawezi kujua mambo yetu.

Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Swalehe Liyemba wa Chunyu ni watani. Utani wenyewe ulianza mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, wakati babu yake na babu yangu walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mzinga mmoja wa nyuki. Nyumbani kwa babu yangu chakula kiliisha kabisa. Siku moja babu wa Swalehe akaja na kapu la ming'oko aliyoichimba porini kwa mikono yake, akaliweka mlangoni, akasema kwa sauti ya kijiji kizima kwamba ameleta chakula cha nguruwe pori kwa kuwa amesikia humu ndani wamo. Babu yangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akala. Tangu siku hiyo kununiana kati ya koo zetu ni mwiko. Tunatukanana, tunaibiana kuku, na tunazikana.

Huko kuzikana ndiko hasa kazi yenyewe. Mfiwa hawezi kuchimba kaburi huku machozi yanamziba macho, wala hawezi kukumbuka kufukuza mbuzi kwenye unga wa matanga. Mtani ndiye anayechimba, anayepika, na anayefukuza mbuzi. Mwishoni ndiye anayewachekesha wafiwa, maana mtu asipocheka msibani hatajua jinsi ya kurudi shambani.

Swalehe alifariki mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imechachamaa. Nilichimba kaburi likajaa maji, nikayachota kwa sufuria ya wafiwa, likajaa tena. Nililala mle ndani kupima urefu, nikatangaza kwamba kunafaa na kwamba sitoki mpaka niletewe chai. Niliiba jogoo. Kisha tulipokwisha kuzika, nilifanya kama desturi inavyotaka. Nilivaa koti la jeshi ambalo Swalehe alirudi nalo kutoka vitani Bama, nikashika bakora yake, nikapita uwanjani nikichechemea mguu wa kushoto kama alivyochechemea yeye tangu vita vile. Nikasimama mbele ya mlango wa nyumba yake, ambapo mjane wake, Bibi Kulthumu, alikuwa amekaa ndani na wanawake. Nikasema kwa sauti ya Swalehe:

“Mimi Swalehe nimerudi. Nimesahau vitu viwili, ugoro wangu na mke wangu. Ugoro kaeni nao. Kulthumu, funga mizigo twende.”

Bwana Mhariri, watu walicheka. Jumbe Bashiri wa Chunyu alicheka akashikilia nguzo. Wanawake ndani walicheka. Na Kulthumu mwenyewe, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua kinywa hata kwa maji, alicheka, akajifuta uso, akaomba uji. Nilisikia kwa masikio yangu akiomba uji. Nikasema moyoni, kazi yangu hapa imekwisha.

Asiyecheka alikuwa mmoja. Bwana Eusebio alikuwa amekuja kuandika jina la marehemu kwenye daftari la serikali, na alipokwisha kuandika la marehemu aliandika na langu.

Wiki tatu baadaye niliitwa barazani, nje kidogo ya Chunyu, kwa makosa manne: kuiba jogoo, kuingia kaburini bila kufa, kuvaa koti la maiti, na kudai mjane wa mtu siku za kwanza za eda yake. La jogoo lilifutwa upesi, kwa sababu kila shahidi aliyesimama alikiri kwamba alikula paja, mpaka jogoo akawa na mapaja tisa. La kaburi nalo likaachwa. Yakabaki koti na maneno. Karani akasoma hukumu kwa Kiingereza, kisha akaifasiri. Nitarudisha koti kwa wenyewe huko Chunyu. Nitasimama mbele ya baraza na ku-withdraw maneno yangu. Mpaka nitakapofanya hivyo nisikanyage Chunyu, na kama eda ya Bibi Kulthumu itakwisha sijafanya, basi nisikanyage tena maisha. Jumbe Bashiri, ambaye alishikilia nguzo kwa kicheko, alitia dole gumba. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema karatasi ilikuwa ya Kiingereza na yeye hapendi kubishana na mgeni. Akaniongezea kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, kana kwamba yeye hakuwapo.

Ili nisiseme kwamba sikuelewa, Bwana Eusebio alifungua kamusi yake mbele ya watu wote. Alitusomea kwa muda wa kutosha kuivisha kunde. Alisema maana ya neno hilo ni kukirudisha nyuma kitu ulichokitoa mbele. Mwingereza hulitumia kwa askari anapowarudisha kutoka vitani, kwa mkono anapoutoa mfukoni mwa mtu, kwa ombi, kwa shitaka, na kwa maneno. Akasema Mwingereza muungwana akiteleza ulimi mkutanoni, huambiwa aondoe neno lake. Basi husimama, hutamka kwamba ameliondoa, huketi, na neno linakuwa kama halikusemwa. Wazee wa Chunyu walisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza kama neno likiisha kuondolewa linawekwa wapi. Karani akasema kamusi haisemi.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama karani mwenyewe anavyopenda.

1. Kuondoa ni kwa kitu kilichowekwa. Siwezi kuondoa jungu mekoni kama sikulibandika. Maneno ya utani hayawekwi mahali popote. Yanapita kama moshi wa jiko, mtu anakohoa, anacheka, basi. Nikisimama barazani na kusema naondoa neno langu juu ya Kulthumu, kila mwenye akili atasema kumbe Halfani alikuwa ameliweka. Yaani leo mimi si mdai wa mjane, lakini nikiondoa nitakuwa nilimdai. Karani ananiamuru nitende kosa ili anisamehe.

2. Aliyesema si mimi. Koti lilikuwa la Swalehe, bakora ya Swalehe, sauti ya Swalehe, na mguu mbovu wa Swalehe. Nilikuwa mimi Halfani pale kwa kuchukua vitu hivyo tu, kama punda. Na Swalehe kumwita Kulthumu mke wake ni haki yake, alifunga naye ndoa mbele ya mwalimu wa chuoni na mimi nilikuwapo, nikaiba pilau. Kama baraza linataka maneno yaondolewe, lipeleke hati kwa mwenyewe. Kaburi lake nalijua, nililichimba mimi, naweza kumwonyesha tarishi. Katika kipengele hiki nalalamika pia kwamba karani ameandika kwenye karatasi yake, mstari wa kumi na moja, eti mshitakiwa alipofika kwenye neno mke wangu alisahau kuchechemea. Huo si ushahidi. Uwanja ulikuwa tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mtu aliye kwenye tope hajulikani anachechemea au anatembea. Nashangaa kijana msomi aliyetoka kote kule Moshi kuja kutazama miguu ya watu.

3. Tukianza kuondoa, hatutajua pa kuachia. Neno langu moja likiondolewa, lazima yaondolewe yote yaliyotangulia tangu lile kapu la ming'oko. Baba yangu alisema ugali wa mama yake Swalehe unaweza kumegwa kwa shoka tu. Likiondolewa hilo, ugali ule utakuwa ulikuwa mzuri, na huo utakuwa uongo wa serikali. Swalehe naye alinisema mengi, na yeye hayupo wa kuyaondoa.

Hapa naomba niseme jambo ambalo silo la kuchekesha. Mke wangu Sofia alifariki mwaka 1947. Nililala nimeutazama ukuta siku mbili, sitaki chakula, sitaki mtu. Siku ya tatu nikasikia kinu kinatwangwa uani, na nikasikia ile pumzi ambayo Sofia alikuwa akiivuta kila baada ya mapigo matatu ya mchi. Nikatoka. Alikuwa Swalehe, amejifunga kanga ya Sofia, anatwanga, na ananilaumu kwa sauti ya Sofia kwamba mwaka mzima sijautengeneza mlango wa ghala, kwamba panya wamekuwa wakubwa kuliko mimi. Nilicheka, Bwana Mhariri. Nilicheka mpaka nikalia vizuri, kwa maana kabla ya hapo nilikuwa nalia vibaya. Kesho yake niliutengeneza mlango wa ghala, na upo mpaka leo. Sasa nauliza kwa adabu, maneno yale nayo yaondolewe? Kama karani atamfufua Swalehe ili ayaondoe, mimi nitasimama mlangoni kuzuia. Yale maneno sasa ni yangu.

4. La nne nimelisahau. Nitalikumbuka.

5. Nimelijaribu neno hilo na halifanyi kazi. Sipendi kukataa kitu ambacho sijakionja. Kwa hiyo wiki iliyopita nilisimama mbele ya dada yangu mkubwa, Mwanaima, ambaye tunaishi naye kiambo kimoja, nikamwambia kwa utaratibu wa karani kwamba naondoa maneno niliyoyasema mwaka jana kuhusu mchuzi wake wa kisamvu. Akaniuliza maneno gani. Hakuyakumbuka. Ikanibidi niyaseme upya yote, pamoja na lile la samadi, ili nipate cha kuondoa. Niliyaondoa vizuri sana, nikaketi. Leo ni siku ya tisa hajanipikia, na ametangaza kwa majirani kwamba mwaka jana nilikuwa natania lakini mwaka huu nimekusudia.

Na kama mfano wangu ni mdogo, tuchukue mkubwa. Wazungu wa karanga walipochoka, tuliambiwa mpango wao wa kulima karanga umeondolewa. Bwana Eusebio mwenyewe alitupa mfano huo barazani, akasema ndilo neno hilo hilo. Basi na aende Nachingwea akatazame. Miti iliyong'olewa haikurudi kusimama. Reli ipo. Mnyororo wa trekta niliouvuta kwa miezi kumi na minne bado uko mgongoni mwangu kila mvua zinapokaribia. Na pale mjini wapo watoto watatu wanaoitwa Trekta, na mmoja wao ni msichana. Hao wataondolewa na nani? Serikali yenye mashine zote zile ilipoondoa jambo lake ilibakisha reli nzima. Mimi mwenye jembe na kinywa nitaliondoaje langu lisibaki kitu?

6. Kama nikikataliwa Chunyu, serikali ilete mtani. Jumanne ijayo eda ya Kulthumu inakwisha. Siku hiyo mjane hutoka, huoga, huvaa nguo nyingine, na watu hukusanyika kumtoa uani. Mtani lazima awepo. Yeye ndiye humwita jina mlangoni, humtania, na humfanya avuke kizingiti kwa kicheko badala ya kilio. Bila hivyo mwanamke atakaa ndani, na ndani ya nyumba ile paa linavuja upande wa mashariki, juu ya kitanda, jambo ambalo nililiona siku ya msiba na ambalo najua hakuna aliyelitengeneza. Basi kama mimi siruhusiwi, naomba Bwana Eusebio avae koti mwenyewe. Nitamfundisha. Kuchechemea si kazi, ni wiki mbili. Kuiba jogoo ni wiki moja. Kazi kubwa ni kumchekesha Kulthumu, kwa sababu yeye si mwepesi wa kucheka. Huanza kwa kukaza midomo, halafu hutazama pembeni, kama mtu aliyeitwa na jirani, na hapo ndipo usiseme neno la pili, ungoje tu, kitakuja chenyewe. Ukiharakisha unamkosa. Hili lilinichukua mimi miaka mingi kulijua. Kama karani hana nafasi, basi aje bwana mkubwa wake, na kama naye hana nafasi iandikwe barua Ulaya, maana haiwezekani nchi kubwa iliyomtawaza Malkia mwezi wa Juni kwa shamrashamra zile ikakosa mtani hata mmoja wa kututumia.

4. Nimelikumbuka. Ni la koti. Hukumu inasema nirudishe koti Chunyu, na hukumu hiyo hiyo inasema nisikanyage Chunyu. Nimemwandikia karani kuuliza nilitupe kutoka umbali gani. Hajajibu. Kwa hiyo koti ninalo, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Si koti la maana. Lina harufu ya ugoro. Kifungo cha tatu kutoka juu kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu mwaka ule wa vita kuisha hapakuwa na uzi mweusi madukani, na Kulthumu alichomoa nyuzi kwenye kanga yake mwenyewe. Mishono yake ni midogo midogo kama ya cherehani. Nimeihesabu, ni kumi na minane. Mtu akiwa peke yake nyumbani na amenuniwa na dada yake hana kazi nyingi.

Naongeza tu kwamba tangu nikatazwe Chunyu ni siku mia na tatu, ingawa sizihesabu. Dada Mwanaima ndiye anayekwenda huko. Kila baada ya wiki mbili humpelekea mjane unga na mbaazi, na akirudi mimi humwuliza habari za mbuzi, za kisima, za lile paa, na kama kuna jambo jingine. Hunijibu habari za mbuzi peke yake. Nimeshika njia ya Chunyu mara mbili na baiskeli yangu, nikafika kwenye mkwaju wa mpakani, nikakumbuka hukumu, nikarudi. Sikukanyaga. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba naheshimu sheria hata ninapoilalamikia. Ila sioni raha. Mtu akizuiwa kazi yake ya asili anapata uzito kifuani, na uzito wangu uko hapa upande wa kushoto, na mganga wa zahanati amenipa dawa ya tumbo.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Kwanza, baraza liondoe amri yake ya kuondoa, kwa kuwa amri iliwekwa kweli kweli, kwa wino na dole gumba, hivyo inaondoleka. Pili, wenye kamusi huko kwao waongeze mstari mdogo chini ya neno hilo, useme kwamba halitumiki msibani kati ya watani. Tatu, nawe Bwana Mhariri, kwa kuwa unajua maneno kuliko sisi, uwaeleze wasomaji kwamba nililolisema mbele ya mlango wa Kulthumu lilikuwa mzaha mtupu wa desturi, halina mizizi, halina mbegu, na yeyote anayesema lina kitu ndani yake hatujui sisi watu wa Kusini. Nasema hivyo kwa nguvu zote na nikihitajiwa nitaapa.

Nisalimie wapanga chapa wote na anayebeba magazeti stesheni. Nisalimie wasomaji wa Tabora. Mikorosho inawasalimu, hata ile mitatu. Bwana Eusebio akisoma haya, naye namsalimu, na soksi zake.

Ni mimi, mtani wa marehemu na raia mtiifu aliyechoka,
Halfani bin Saadi Kaimu

Nyongeza, Jumamosi, 8 Agosti. Barua hii ilikuwa bado mezani ikingoja lori la Jumatatu, na asubuhi hii dada Mwanaima amerudi kutoka Chunyu. Ameanza kusema nami tena. Sikumwuliza habari za mbuzi. Amekaa kwenye kigoda, amevua viatu, akanieleza kwamba Kulthumu alisikia nakataa kuondoa maneno na kwamba Jumanne nitafungiwa Chunyu kwa maisha. Alikaza midomo, akatazama pembeni. Mwanaima akangoja. Kisha Kulthumu akampa ujumbe huu, nami nauandika kama ulivyofika:

“Mwambie Halfani asiondoe kitu. Aje Jumanne jioni, eda ikiwa imekwisha, na koti alilete. Ila asije akichechemea.”

Bwana Mhariri, nilikwenda nikasimama mbele ya lile koti. Ni kweli nilisahau kuchechemea. Nilipita uwanja wote ule nikiwa Swalehe, na mguu wake, na sauti yake, na ya ugoro niliyasema kwa sauti yake, na nilipofika kwenye neno mke wangu nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili na sauti ilikuwa yangu. Tope halikuhusika. Watu wote waliokuwa pale, wanaojua utani tangu tumboni, walicheka. Kulthumu alicheka pia, na sasa najua alikuwa amesikia. Mgeni mmoja asiyejua desturi zetu aliandika alichokiona, mstari wa kumi na moja, nami nimemkalia kooni siku mia na tano kwa sababu ya ukweli wake. Posa ndani ya eda haifai, kwa hiyo kwa Kulthumu mpaka Jumanne nitakaa kimya kama mti. Jumatatu nitakwenda barazani kumwambia Bwana Eusebio kwamba maneno yale niliyaweka, na kwamba ndiyo sababu siyaondoi. Anifunge akitaka, lakini baada ya Jumanne.

Barua uichape au usiichape, ni hiari yako. Ila ukiichapa, ile namba mbili niliyosema kwamba aliyesema ni Swalehe, hiyo naiondoa.

H. S. K.